Mgongo wa Miti

Mtu aliyeipaka alama njia nzima ya msituni, mti kwa mti, alipotea ndani ya njia hiyo hiyo mchana kweupe, na hakuna aliyemsukuma. Watu wa mtaa wake hupenda kuikatiza hadithi hii hapo hapo ili wacheke. Wacha wacheke. Mimi nasema asiyewahi kupotea ndani ya kazi ya mikono yake basi hajafanya kazi ya kutosha, na aliyepotea asidhani mwisho wake ni kicheko.

Mtaani walimwita Brashi. Alikuwa mchora vibao. Duka la dawa, kinyozi, fundi wa viatu, shule ya chekechea yenye sungura mwenye meno mawili ukutani, zote zilikuwa kazi yake. Herufi zake zilisimama wima na kila moja ilikuwa na kivuli chake upande wa kulia, kama vile jua lilikubaliana naye lisihame. Alikuwa na msemo aliowaambia wote waliotaka kujifunza kazi kwake: "Kibao kina uso tu. Mgongo ni wa ukuta." Alikuwa na maana kwamba usipoteze rangi mahali ambapo mteja hafiki. Kwa mchora vibao ni shauri zuri, sina ugomvi nalo.

Ugomvi uko nyumbani kwake. Ukipita barabarani ungesimama: ukuta wa mbele wa buluu, madirisha yamezungushiwa nyeupe, na pembeni mwa mlango mmea wa kuchorwa unaopanda hadi chini ya paa, jani kwa jani. Watu walipiga picha pale. Sasa zunguka nyuma, kama una moyo. Ukuta haukuwahi kuguswa na brashi tangu nyumba isimame. Lipu imebanduka vipande vipande, moshi wa jiko umeufanya mweusi hadi kimo cha mtu, na mlango wa nyuma ni mbao tupu iliyopauka. Huko ndiko jiko lilikokuwa, na kamba ya nguo, na bomba, na banda la kuku. Kwa hiyo huko ndiko mkewe alikokuwa.

Mkewe walimwita Nesi, ingawa alikuwa amestaafu miaka miwili nyuma. Mwaka uliopita alianguka kwenye beseni la nguo, huko nyuma, presha imepanda. Brashi alikuwa barazani mbele akinyoosha herufi za kibao cha bucha. Alipiga mluzi nusu saa nzima. Jirani aliyekuja kuomba chumvi ndiye aliyepiga kelele. Nesi alipona, daktari akamwandikia dawa na kumwambia atembee kila wiki, na tangu siku ile Brashi hakuweza kusikia sauti ya beseni likianguka bila moyo wake kuruka. Lakini hakuwahi kumwambia mkewe jambo hilo. Alidhani linajulikana.

Basi mwishoni mwa mwaka ofisi ya misitu ikamwita. Njia ya matembezi inayopita msituni, kutoka geti la chini hadi geti la juu, ilikuwa ikiwapoteza watu. Njia za wanyama zinaikata kila mahali, na ukungu ukishuka mtu hajui ipi ni ya binadamu na ipi ni ya nyati. Ofisi ilitaka alama za njano, ukubwa wa kiganja, kila hatua thelathini. Brashi alifanya kazi hiyo kwa siku kumi na moja. Kila asubuhi aliingia kwa geti la chini, akapanda taratibu hadi alipoishia jana, akapaka, akapanda, akapaka, na jioni akatokea geti la juu ambako pikipiki ilimsubiri, kwa maana magoti yake hayakupenda mteremko. Alama mia moja arobaini na mbili. Ofisa wa misitu alikuja kukagua akiwa na viatu vipya. Aliingia geti la chini, akahesabu miti mitatu, akatazama tope lililo mbele, akasema kazi ni safi sana na kutia sahihi.

Tangu ipakwe, hakuna aliyewahi kuishuka njia ile. Hilo ulishike.

Jumamosi ya hadithi yetu, kikundi cha matembezi cha Nesi kilikuwa kinakwenda msituni kwa mara ya kwanza. Walikuwa watu tisa, wastaafu wote, wakiongozwa na Mwalimu, aliyefundisha jiografia miaka mingi na bado alinyoosha kidole alipozungumza. Mwalimu alikuwa amefikiri sana juu ya mioyo ya wenzake na kuamua kwamba kupanda hakufai. Wangepanda kwa gari hadi geti la juu, kisha washuke kwa miguu polepole.

Nesi alikuwa anafunga kamba za viatu kwenye kiti cha jikoni.

"Mzee," alisema, "rangi ya buluu iliyobaki kwenye kopo. Si ungepaka hata huku nyuma? Hata upande wa jiko tu."

Brashi alikuwa anapiga mswaki. Alitema. "Huko nyuma anapita nani?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyomuuliza mteja anayetaka jina lake liandikwe juu ya paa. Nesi alimtazama kidogo, akafunga kiatu cha pili, akachukua fimbo yake na kuondoka bila kuaga, na hilo halikuwa kawaida yake.

Saa nne kasoro, Brashi alirudi jikoni kutafuta chai. Mezani, pembeni ya kikombe chake, palikuwa na kasha dogo jeupe la dawa. Akalisoma. Presha. Akakaa. Akatazama dirishani: wingu lilikuwa limekaa juu ya msitu, zito, rangi ya risasi. Mkewe alikuwa chini ya wingu lile, kwenye mteremko, bila dawa yake, na ameondoka na hasira. Mtu hahitaji kuwa daktari kuona mambo hayo yanaelekea wapi. Aliona beseni. Aliona povu la sabuni likitambaa hadi kwenye miguu ya kuku.

Alitia kasha la dawa kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na nusu mkate na ndizi mbili kwa sababu hujui, akachukua mwavuli na kusimamisha pikipiki.

Kwenye geti la juu mlinzi alikuwa ndani ya kibanda chake, amejifunika koti hadi puani. Alifungua daftari.

"Watu tisa, saa tatu kamili," alisema. "Wewe unaingia saa hizi? Mvua hiyo inakuja. Na jana nyati wawili walionekana upande wa kijito. Ukisikia kitu kizito kichakani usikimbie ovyo. Kumbatia mti mnene, tulia, kipite."

"Kijana wangu," Brashi alisema, "njia hii nimeipaka mimi mwenyewe. Nitapita hata nimefumba macho."

Mlinzi akaandika: mmoja.

Hatua thelathini za kwanza Brashi alizitembea kwa haraka, mwavuli kwapani. Akainua macho kutafuta alama ya mia moja arobaini na mbili, ya mwisho, aliyoipaka kwa furaha kubwa kuliko zote. Hakuiona. Mti ulikuwepo. Gome, kuvu, sisimizi wawili. Njano hapana.

Akadhani amekosea mti. Akaendelea. Hatua thelathini nyingine, mti mwingine, gome. Hatua thelathini nyingine, jiwe kubwa alilolikumbuka vizuri kwa sababu lilikuwa na umbo la tumbo la mtu aliyeshiba. Alilipaka alama katikati, kwenye kitovu, na kujichekea mwenyewe siku ile. Sasa jiwe lilikuwa jiwe. Hata umbo la tumbo halikuwepo. Lilikuwa na kibyongo.

Hapo ndipo kichwa kilianza kumchezea. Kwanza aliwaza mvua: imeosha. Lakini ile ilikuwa rangi ya mafuta, haioshwi na mvua ya miezi miwili. Kisha akamuwaza mchora vibao mwingine wa mjini, yule aliyeitaka kazi hii akaikosa, mtu mwenye herufi zilizolala kama walevi. Amekuja kuzikwangua! Brashi alikagua gome kwa kucha, akatafuta makovu ya kisu, hakuona hata kovu. Halafu akaja na wazo la tatu ambalo ninaona haya kulisimulia, kwamba huenda hakuwahi kupaka. Kwamba zile siku kumi na moja aliota. Alisimama na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa, akinusa vidole vyake kama vina harufu ya rangi.

Njia ikagawanyika. Moja ilikwenda kushoto kati ya majani makubwa, nyingine ilinyooka chini. Zote mbili zilikuwa zimekanyagwa. Ya kushoto ilikuwa na nyayo za kwato, lakini hata ile nyingine ilikuwa nazo, na juu ya moja palikuwa na kinyesi kipana kilichokuwa bado kinatoa moshi. Alisema kwa sauti, "Hapa nilipaka. Hapa hapa, mti wenye vigogo viwili." Na mti wenye vigogo viwili ulikuwepo, umesimama, haumjui.

Aliketi juu ya mzizi ili afikiri. Lilikuwa kosa, kwa sababu mtu anayefikiri haangalii mfuko wake.

Nyani walikuja bila haraka. Kwanza wadogo, wakijikuna, kisha majike, kisha dume moja kubwa lenye uso wa mkaguzi. Dume lilipita mbele ya Brashi, likanyoosha mkono na kuchukua mfuko kwa utaratibu wa mtu anayepokea mzigo wake.

"Wewe!" Brashi alipiga kelele. "Dawa hiyo! Rudisha! Ya mke wangu hiyo!"

Dume lilitoa mkate, likaunusa, likala. Likatoa ndizi. Likatoa kasha, likalitia meno, likakunja midomo kwa uchungu wa vidonge, kisha likapanda nalo mtini badala ya kulitupa, kwa ubaya tu. Huko juu likageuka na kumwonyesha Brashi upande wake wa nyuma, mwekundu, mpana. Kuna methali hapa, nawe unaijua. Brashi pia aliijua, ila hakuwa na nafasi ya kuifikiria.

Alikimbia chini ya mti ule akirusha vijiti, akasimama bila kuangalia chini, na mahali pale palikuwa pa siafu.

Aliyewahi kuingiliwa na siafu hahitaji maelezo, na ambaye hajawahi asiombe. Brashi, mtu mzima mwenye wajukuu, alivua suruali katikati ya msitu na kuzunguka kwa mguu mmoja huku akijichapa mapajani, na wale nyani wakakaa kutazama kama waliolipa kiingilio. Alizunguka mara ya kwanza. Alizunguka mara ya pili. Mara ya tatu akabaki ameganda, suruali mkononi, siafu wakiendelea na kazi yao.

Kwenye mti wenye vigogo viwili, ule aliokuwa ameupita, palikuwa na alama ya njano. Ukubwa wa kiganja. Safi. Kingo zake zimenyooka, maana hata msituni hakuweza kupaka ovyo.

Akatazama mbele yake, hamna. Akatazama nyuma tena, ipo. Na juu zaidi, nyuma ya ule, kwenye mti mwingine aliokwisha kuupita, nyingine. Zilipanga mstari kwenda juu mlimani hadi ukungu ulipozimeza, zote zinatazama bondeni, zote zinamtazama yeye. Kwa sekunde chache aliamini kabisa kwamba miti ilikuwa imegeuka. Angalau hilo lingekuwa kosa la miti.

Lakini ukweli una tabia ya kukaa ukisubiri hadi umalize upuuzi wako. Alikuwa amepanda. Kila siku, siku zote kumi na moja, alikuwa akipanda, na kila mti aliupaka pale ulipomtazama. Kibao kina uso tu. Miti ile ilikuwa na nyuso mia moja arobaini na mbili kwa anayekwenda juu, na kwa anayeshuka haikuwa na kitu.

Watu tisa walikuwa wameshuka. Mmoja wao bila dawa.

Nisikudanganye kwamba alilia. Alivaa suruali kwanza, kinyume, mifuko nje, kisha akalia huku anatembea. Alitembea hatua thelathini, akageuka, akaona njano, akatembea tena. Alipogeuka na kukosa njano alirudi, akajaribu njia nyingine. Alikuwa akiita, "Mama! Mama ee!" na ndege mmoja, hondohondo, akamjibu kwa sauti ya punda. Njia ilianza kuzunguka mlima, inakwenda kulia kisha inarudi kushoto, na mvua ikaja. Haikuanza kwa matone. Ilikuja na mawe ya barafu ukubwa wa punje za mahindi. Mwavuli ulipinduka mara moja na kubaki umeshika mawe kama bakuli.

Ukungu ukashuka nyuma ya mawe. Sasa akigeuka haoni njano, na asipogeuka haoni njano. Aligeuka mara nyingi mno. Ikafika mahali akasimama na kushindwa kusema ni upande upi alikuwa anakwenda na upi alikuwa anatoka. Mteremko wenyewe ulionekana umelala. Hakujua mbele wala nyuma. Watu husema hivyo kwa kutia chumvi, ila Brashi alikuwa hajui kweli, na hofu yake ilikuwa ya mtoto aliyeachwa sokoni.

Akachagua upande. Hatua nne, tope likaondoka chini ya viatu, akaenda kwa makalio. Aliteleza kupita vichaka, akakata kona moja ya njia bila kuijua, akakata ya pili, akaacha mwavuli kwenye mwiba, na kufikia kwenye ardhi iliyo sawa, mgongo umeegemea shina la mti. Alikaa pale akipumua. Mawe ya barafu yaliisha, ikabaki mvua ya kawaida, kisha manyunyu. Hakujua amekaa muda gani. Alijua tu kwamba hana dawa, hana mkate, hana njia, na kwamba yeye ndiye aliyempeleka mkewe mahali alipo, kwa rangi ya njano.

Kisha akasikia kitu kizito kichakani.

Kilikuwa juu yake, kinashuka. Vijiti vilivunjika, jiwe likaviringika na kupita karibu na mguu wake. Kikasimama. Kikapumua. Kikashuka tena. Nyati, aliwaza Brashi, wawili au zaidi, na akafanya alivyoambiwa: akasimama, akaukumbatia mti, akabana shavu kwenye gome na kufumba jicho moja.

"Mzizi," nyati mmoja alisema. "Inua mguu. Inua zaidi. Haya, shusha. Jiwe kushoto kwako."

Kwa jicho lililobaki wazi Brashi aliona mgongo. Sweta la kijani, limelowa, limeshonwa begani kwa uzi wa rangi nyingine. Ulikuwa mgongo wa mtu anayekwenda zake, lakini kila hatua ulizidi kukua. Ulikuwa unaondoka na unakuja. Alijiuliza kama hivi ndivyo watu wanavyokufa, kwamba wanaona wanaowapenda wakienda huku wanarudi. Akautazama kwa makini, maana aliona anaujua, na hapo hapo akashangaa kwamba hakuwa na hakika. Uso wa mkewe angeuchora gizani. Ule uzi begani hakuwahi kuuona.

"Nimeiona ya njano," mgongo ulisema. "Tuko sawa. Twende."

"Mama?" alisema Brashi.

Mgongo ulimgonga ubavuni. Nesi akageuka, fimbo imeinuliwa tayari kumpasua nyati kichwa, na nyuma yake, au mbele yake, sijui nisemeje, wakatokea Mwalimu aliyemshika mkono, mfuko wa plastiki kichwani, na wengine saba walioshikana mabega, wamelowa hadi mifupani, mmoja anakula karanga.

"Shemeji!" Mwalimu alisema. "Umeingia kwa geti la chini?"

"La juu," Brashi alisema.

Mwalimu alitazama juu, akatazama chini, akanyoosha kidole upande mmoja, akakirudisha. Wao walikuwa wametangulia karibu saa mbili, ingawa wakati wa barafu walijibanza chini ya mwamba, na huyu aliyewafuata alikuwa mbele yao. Jiografia ilimshinda.

Nesi hakushughulika na jiografia. "Mbona suruali umeivaa hivyo?"

"Nimekuletea dawa," Brashi alisema, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja, ya siafu, ya wingu, ya beseni. "Uliisahau mezani. Nilikuwa nayo. Nyani amechukua. Nimekimbia, mama, nimejaribu, nilidhani umeanguka tena na mimi niko... nilidhani umeanguka. Ile siku nilikuwa napiga mluzi. Wewe uko chini na mimi napiga mluzi."

Nesi alimtazama. Alitia mkono mfukoni mwa sweta akatoa kasha jeupe, limefungwa vizuri ndani ya plastiki.

"Dawa yangu hii hapa. Siku zote ninatembea nayo."

"Na ile ya mezani?"

"Ile ni yako."

"Yangu?"

"Ya presha yako. Tangu mwaka juzi. Kila asubuhi si unameza kidonge na chai? Leo nilikuwa na hasira, nikasema atajitolea mwenyewe kwenye kasha, nikaliacha pale pembeni ya kikombe."

 Brashi alikumbuka kidonge, ndiyo, kila asubuhi kwenye kisahani, naye alikimeza kama anavyomeza chai, bila kuuliza kimetoka wapi. Alidhani ni vitamini. Kama alidhani chochote.

"Mungu wangu," mla karanga alisema taratibu.

Kulikuwa na jambo moja zaidi lililomsumbua, akaona afadhali alimalize mbele ya watu wote. "Alama," alisema. "Nimekosea. Zote zinatazama chini. Mngepotea wote. Nani aliwaambia mgeuke?"

"Dada hapa," Mwalimu alisema. "Tulipita miti mitatu hatuoni kitu. Mimi nikasema ofisi imetudanganya, turudi. Yeye akacheka. Akasema hapana, mume wangu amepaka, ngoja. Akaenda akazunguka nyuma ya mti. Tangu hapo anashuka kinyumenyume, macho juu, mimi namwongoza miguu."

"Ulijuaje?" Brashi alimuuliza mkewe.

Nesi alikuwa anamtoa jani la upupu kwenye kola. Hakuwa na hasira tena, na nadhani hilo ndilo lililomuuma mzee zaidi.

"Asubuhi uliniuliza huko nyuma anapita nani," alisema. "Napita mimi. Miaka thelathini na moja. Kazi yako naijua kwa upande huo."

  Akamgeuza Brashi kwa mabega, kwa namna alivyowageuza wagonjwa kitandani, akamweka mwisho wa msafara, uso wake unatazama mlimani. "Wewe ndiye mwenye alama," alisema. "Utakuwa unazitafuta. Mimi nitakushika nisikuache uanguke." Hivyo ndivyo Brashi alivyoshuka njia yake mwenyewe, kinyumenyume, mkono wa mkewe kwenye mkanda, akisema njano, njano, njano, na sauti nyuma yake ikimwambia mzizi, jiwe, shimo. Walitokea geti la chini saa tisa.

Jumatatu ofisi ya misitu ilimpigia simu mara mbili, maana Mwalimu alikuwa ameshapeleka barua ndefu yenye ramani. Brashi aliwaambia atakuja Alhamisi.

Nesi alitoka na beseni la nguo akamkuta amesimama nyuma ya nyumba, karibu na jiko, brashi mkononi, kopo limefunikwa. Alikuwa amekwangua lipu mbovu yote hadi chini na kuosha masizi. Kuku walikuwa wamekaa mbali naye, hawamzoei.

"Mbona huku?" aliuliza.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Uniambie unataka rangi gani."

Nesi aliweka beseni chini. Alitazama ukuta, akamtazama yeye, akatazama ukuta tena. Alitaka kusema buluu, kwa kuwa buluu ndiyo iliyokuwepo, akaona sicho anachotaka, na alipojaribu kufikiri anataka nini akakuta hajui, maana hakuwa amewahi kuulizwa. Alisimama pale, nguo zikimsubiri ndani ya maji, naye Brashi akasubiri.